Kitabu Kisicho na Harusi

Hellen Akeyo alikuwa na miaka arobaini na tisa. Kwao ni Shirati, kando ya ziwa mkoani Mara, lakini utu uzima wake wote ulikuwa umepita Mwanza, katika vyumba viwili vya kupanga Igogo, kule juu ambako nyumba zimejibanza katikati ya mawe. Hakuwa na mume wala mtoto. Kiwandani walimwita Mama Akeyo kwa heshima ya umri, naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Kanisani alikuwa Dada Hellen. Na kwenye majalada ya vitabu vinne vilivyouzwa kila mwaka wakati wa makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa, alikuwa Hellen A. Ooko, mtunzi wa hadithi za mapenzi ya Kikristo, ambaye wasomaji wengi waliamini ana mume mpole na watoto waliolelewa vizuri.

Saa kumi na moja alfajiri aliamka, akapiga magoti akasali, kisha akaketi kwenye meza ya chakula na kuandika kwa mkono katika kaunta buku mpaka saa moja kasorobo. Saa moja na nusu alikuwa kiwandani, amevaa buti nyeupe, kofia na glavu, amesimama mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Minofu ya sangara ilipita juu ya ile taa mmoja baada ya mwingine, naye akatafuta mfupa uliosahauliwa na wakataji. Ilikuwa kazi ya baridi na ya kimya. Mikono ikiwa kazini, kichwa kilikuwa huru, na mazungumzo mengi ya wapenzi wake wa vitabuni alikuwa ameyatunga akiwa amesimama pale, vidole vimekufa ganzi.

Jumatano jioni alikwenda kwenye maombi. Ijumaa alipika, akapiga pasi, akafunga daftari kabla jua halijazama, maana Sabato ilikuwa Sabato na hadithi ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Jumamosi alifundisha kipindi cha watoto, akaimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama, na ibada ilipokwisha alisimama uani akisalimiana na watu huku familia zikijikusanya moja moja kwenda kula. Mara chache walimkaribisha. Mara nyingi kila mtu alidhani mwenzake ndiye aliyemkaribisha, naye akapanda mlima kwenda kupasha chakula chake.

Hadithi zake hazikuuzwa kanisani mpaka zipitiwe na Mzee Nkwabi, mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mke. Alikuwa msomaji mwangalifu mwenye penseli kali. Katika kitabu cha pili aliondoa mkono wa kijana uliokaa begani mwa mchumba wake. Katika cha tatu aliuruhusu mkono kushikwa, lakini mara moja tu, na katika sura ya mwisho. Hellen hakukasirika. Alijua wapo waumini walioona hadithi za kubuni zenyewe ni hatari, na kwamba Mzee Nkwabi alikuwa akimtetea vikaoni. Isitoshe, mambo ya kushikana mikono yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuyasahau.

Kitabu kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha kwanza, *Rebeka wa Nansio*. Rebeka ni binti wa Ukerewe. Mchumba wake, Danieli, anaondoka kwenda kutafuta maisha na kuahidi kurudi. Miaka saba Rebeka anasali, anakataa wachumba wengine, anachekwa na ndugu. Mwaka wa saba Danieli anateremka kwenye kivuko, na ukurasa wa mwisho kengele za harusi zinalia. Watu walilia makambini. Akina mama waliwanunulia mabinti zao.

Kile ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba Hellen aliwahi kuwa na Danieli wake. Aliitwa Maige, fundi wa injini za boti, Msukuma wa Magu aliyebatizwa siku moja naye. Hellen alipokuwa na miaka ishirini na tatu, Maige alijitambulisha kwao Shirati, akapokelewa, kisha akapata kazi Kigoma. Alisema miaka miwili. Mwaka wa kwanza aliandika barua kila mwezi, mwaka wa pili tatu tu, mwaka wa tatu kimya. Hellen alingoja miaka kumi na mmoja. Hakuwa amelazimishwa na mtu. Aliomba, akaamini amejibiwa, akangoja. Siku moja, akinunua nyanya sokoni, alikutana na dada yake Maige, akamuuliza habari za kaka. Yule dada akamwangalia kwa mshangao akasema, "Wewe hukuambiwa? Ana watoto watatu kule. Mkubwa yuko darasa la pili." Hellen alilipia nyanya zake, akasahau kuzichukua.

Miaka miwili baadaye aliandika *Rebeka wa Nansio*. Alimpa Rebeka alichokosa yeye, na wakati akiandika ukurasa wa mwisho alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa muda mrefu.

Ikapita miaka kumi na mitatu. Jumapili moja ya Machi, mvua ikiwa imetoka kunyesha na maji bado yanateremka kwenye mawe, Hellen alikuwa anafua uani aliposikia hodi. Mlangoni alisimama msichana wa miaka kama ishirini na saba, sketi yake imelowa mpaka magotini, mkononi ana mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Umenyeshewa."

"Naitwa Odeta. Nimetoka Usagara. Nilielekezwa na wale wanaouza vitabu kanisani kwenu. Wewe ndiye mama Hellen Ooko?"

"Ndiye."

Msichana alitoa kitabu ndani ya mfuko. Kilikuwa *Rebeka wa Nansio*, jalada limeshikizwa kwa gundi ya karatasi, kona zimeviringika. Hellen alidhani amekuja kuomba sahihi, maana walikuwapo wachache waliowahi kuja hivyo. Alimpa kanga ya kujifunika na kuweka maji ya chai jikoni, huku akifikiria maneno mazuri ya kuandika kwenye ukurasa wa kwanza.

Odeta hakutaka sahihi. Alisubiri chai, akainywa nusu, ndipo akaeleza. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo wa darasa la awali. Kitabu alikisoma akiwa kidato cha pili, akakirudia mpaka akajua sura nyingine kwa moyo. Alipofika miaka ishirini akachumbiwa na kijana anaitwa Shimba, utingo wa malori ya kwenda Tunduma. Shimba akasema akishakuwa dereva atarudi wafunge ndoa. Akawa dereva. Odeta akangoja.

"Mwaka wa tatu mama yangu alileta mtu mwingine, mkulima, mtu mzuri tu," alisema. "Nikakataa. Nikamwonyesha mama kitabu. Nikamwambia, soma hapa Rebeka alivyosema. Mwaka wa tano akaja mwingine. Nikakataa."

"Na Shimba?"

"Pale kwetu njia panda malori yote yanapita, mama. Lori lake lina ubao wa kijani. Nilikuwa naliona linapita. Mwanzoni lilikuwa linasimama. Baadaye linapiga honi. Baadaye linapita tu. Mwezi wa kumi na mbili ameoa Makambako."

Hellen alishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Sikuja kukulaumu," Odeta alisema. "Watu wananiambia nikulaumu, mimi sitaki. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Wewe ndiye uliyemtunga Rebeka, unamjua. Kama Danieli asingerudi, Rebeka angefanya nini?"

Nje maji yaliendelea kuchirizika. Hellen aliona kwamba swali lile alikuwa ameishi nalo miaka mingi bila kulisikia likisemwa na mtu. Angeweza kujibu kama mwalimu wa Sabato, angalau mistari mitatu ya Biblia ilikuwa tayari mdomoni. Lakini msichana alikuwa ametoka Usagara akinyeshewa.

"Angeamka asubuhi," alisema hatimaye. "Angekuwa na kazi, angekwenda kazini. Angesali, na siku nyingine angesali bila kusema kitu chochote, amepiga magoti tu. Ndugu wangeacha kumcheka, wangeanza kumhurumia, na hilo lingemuuma zaidi. Angezoea kupika chakula kidogo."

"Basi?"

"Na angelia bafuni, maji yakiwa yanamwagika, majirani wasisikie."

Odeta aliweka kikombe chini. "Mama," alisema polepole, "baba yuko wapi?"

"Hakuna baba."

"Amefariki?"

"Hakuwahi kuwepo, mwanangu. Mimi ndiye yule ambaye Danieli hakurudi."

Halafu akamsimulia: barua, Kigoma, nyanya sokoni. Hakuwa amewahi kumsimulia mtu yeyote habari ile tangu mwanzo hadi mwisho, na alishangaa ilivyokuwa fupi. Odeta hakulia. Aliuliza jambo moja tu, "Sasa kwa nini ulituandikia vile?" Hellen akajibu kwamba alikuwa akijiandikia mwenyewe, hakuwafikiria wasomaji. Lilikuwa jibu la kweli, na lilimwaibisha.

Kuanzia Jumapili ile Odeta alikuja karibu kila baada ya wiki mbili. Mara alileta viazi vya kwao, mara mlenda. Walipika pamoja, wakala, halafu Hellen akasoma kwa sauti alichoandika, maana alikuwa ameanza kitabu kipya. Alikiita *Mwaka wa Kumi na Mbili*. Kilikuwa habari za mwanamke anayeitwa Amondi, mkaguzi wa samaki, ambaye mchumba wake harudi. Hakuna mwingine anayekuja mahali pake. Amondi anaendelea kwenda kanisani, anagombana na Mungu kwa adabu, anazeeka. Kuandika sura za Rebeka kulikuwa kama kula asali. Hizi zilikuwa ngumu, na asubuhi nyingine Hellen alifika kiwandani na mistari minne tu.

Odeta alikuwa mkosoaji asiye na huruma. "Hapa umemfanya Amondi mtakatifu mno," alisema siku moja. "Mimi siku niliyosikia Shimba ameoa, nilitamani lori lipinduke. Halafu nikaogopa, nikaomba lisipinduke."

"Niliandike hilo?"

"Liandike."

Akaliandika. Ndani ya miezi ile Hellen aligundua kwamba ameanza kuzihesabu siku za wiki kwa kurudi nyuma kutoka Jumapili. Alinunua sahani mbili mpya. Mwanamke wa kiwandani alimuuliza kama amepata mgeni nyumbani, naye akasema ndiyo, binti yangu, kisha siku nzima akawa na wasiwasi kwamba amesema uongo.

Agosti alipeleka mswada kwa Mzee Nkwabi. Alikaa nao wiki sita, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alipomwita hatimaye, walikaa kwenye benchi nje ya kanisa, mswada uko magotini mwa mzee, umefungwa kwa uzi.

"Sikufuta kitu," alisema.

"Asante, mzee."

"Sikufuta kwa sababu sikujua nianzie wapi. Dada Hellen, huyu Amondi anaomba kitabu kizima. Mwisho hapati. Mtu anayetoka makambini na kitabu hiki atasema Mungu wetu hajibu."

"Amemjibu, mzee."

"Wapi? Nimetafuta."

"Amemwambia hapana."

Mzee Nkwabi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Korongo wawili walikuwa wamesimama juu ya paa la jirani, wakingoja masalia ya samaki. "Mimi nilimwombea mke wangu miaka miwili," alisema. "Najua hilo jibu. Lakini siwezi kuliweka mezani na kuliuza, watu wamekuja na watoto wao. Weka hata sura moja. Aje mwanamume mmoja mjane, mtu mwema. Si lazima iwe harusi kubwa."

Hellen alitazama mikono yake. Mjane mwema alikuwa rahisi. Angeweza kumtunga kesho asubuhi kabla ya kazi. "Siwezi, mzee," alisema. "Kuna mtu alimngoja mtu kwa sababu yangu. Miaka saba."

Mzee hakuuliza ni nani. Alisema basi, kitabu hakitauzwa makambini, na akamwomba asimwone mbaya. Hellen akasema hamwoni mbaya, na alimaanisha hivyo. Alipoinuka na kunyoosha mkono kuchukua mswada, mzee aliuvuta kidogo upande wake.

"Niachie kwanza," alisema. "Dada yangu Selina ameomba ausome. Ana miaka sabini na mbili. Hakuolewa."

Jumapili iliyofuata Odeta alisikiliza habari ile akiwa anachambua mchele, akacheka kidogo, kisha akasema naye ana habari. Alikuwa amepata nafasi ya chuo cha ualimu Bukoba, miaka miwili. Angeondoka Jumanne ya wiki ile. Alikuwa ameogopa kusema tangu mwezi uliopita.

"Ni jambo jema," alisema Hellen. "Sana. Kwa nini uogope?"

"Sijui. Nilikuwa nawaza utakula na nani."

"Kabla yako nilikuwa nakula, mwanangu."

Walikula. Hellen aliombea safari, akampa Biblia ndogo na mwavuli, na akamsindikiza mpaka barabarani. Odeta alimkumbatia ghafla kama watu wa mjini. Hellen, ambaye hakuwa amekumbatiwa na mtu tangu msiba wa baba yake, hakujua mikono aiweke wapi.

Jumanne basi lingepita Usagara saa tatu asubuhi. Hellen aliomba ruhusa ya kwenda kumuaga akakosa, mzigo wa samaki ulikuwa mwingi. Simu haziruhusiwi kwenye chumba cha minofu, hukaa kwenye makabati ya nguo. Alipotoka kwa mapumziko, saa sita, alikuta Odeta amempigia mara tatu. Akapiga. Sauti ya mashine ikamwambia mteja hapatikani. Alirudisha simu kabatini, akavaa glavu, akarudi kwenye meza yake. Jioni ujumbe ukaingia: *Nimefika salama mama. Mvua tu huku.* Wiki za kwanza ujumbe ulikuja kila siku, baadaye kila Jumapili, baadaye chuo kilikuwa na mitihani. Hellen aliujua mwendo ule wa barua kupungua. Alijiambia kwamba hii si ile, kwamba watoto wanapaswa kwenda. Ilikuwa kweli, na nyumba ilibaki kimya vilevile. Jumapili mbili alipika wali wa watu wawili, akaula ukiwa umepoa mpaka Jumanne.

Novemba, baada ya ibada, Mzee Nkwabi alimrudishia mswada. Uzi ulikuwa umefungwa na mkono mwingine, kwa fundo la aina nyingine, na karatasi zilikuwa na harufu ya moshi wa kuni. "Amekaa nao muda," alisema mzee. "Amewapa na wenzake wawili kule kijijini. Naomba usiseme kanisani. Kuna mahali ameandika kitu. Nilimwambia si vizuri kuandika kwenye kazi ya mtu, hakunisikia."

Hellen alisubiri mpaka kesho yake, Jumapili, ndipo akafungua. Alipitia karatasi moja baada ya nyingine akitafuta penseli. Aliikuta karibu na mwisho, pale Amondi, akiwa mzee, anakaa dirishani na kuikumbuka sura ya mchumba wake kama aliyemwona jana. Pembeni, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, Selina alikuwa ameandika: *Hapa si kweli. Sura inapotea. Mimi nimebaki na sauti.*

Alisoma mara kadhaa. Kisha akaweka karatasi mezani, akafumba macho, akajaribu kumleta Maige. Alianza na sura. Zilikuja nyusi, likaja pengo la meno, lakini havikukaa pamoja, na punde hakuwa na hakika kama lile pengo lilikuwa la Maige au la kaka yake. Akajaribu sauti. Alikumbuka maneno, miaka miwili, nitarudi, lakini yalisemwa kwa sauti yake yeye mwenyewe, ile aliyoitumia kuyarudia. Kilichobaki, alipokoma kulazimisha, kilikuwa harufu ya mafuta ya injini kwenye mkono wa shati, na shati lenyewe, la buluu, limefuliwa mpaka limepauka mabegani.

Watoto wa jirani walipita wakikimbizana kwenye mawe. Mtu alifungulia redio, akaizima. Hellen alivuta kalamu, akakata aya yote ya sura, kwa mstari ulionyooka, kama Mzee Nkwabi alivyozoea kufanya. Juu yake akaandika kuhusu shati. Iliingia mistari mitano. Aliisoma kwa sauti chumbani, akasimama kidogo kana kwamba kuna mtu wa kumwambia liandike au lifute, kisha akabadilisha neno moja.

Saa kumi alinyanyuka kwenda kuanua nguo, maana mawingu yalikuwa yanakuja kutoka ziwani, na sare ya Jumatatu ilikuwa bado kwenye kamba.